Umri wa Pori

Mwaka 1947, toleo la 24 la jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha historia ya Karagwe, katika mkoa wa leo wa Kagera, Tanzania. Waandishi walikuwa wawili. R. de Z. Hall alikuwa ofisa wa utawala, na maofisa wa utawala wa zama zile walizoea kuandika habari za wilaya walizokaa. Lakini jina lililotangulia ni la John Ford, na Ford alikuwa mtaalamu wa wadudu. Kazi yake ilikuwa utafiti wa ndorobo, yule nzi anayeitwa pia mbung'o, anayewapa ng'ombe nagana na watu malale. Alitakiwa aeleze nzi huyo anakaa wapi, anafyonza damu ya nani na anasogea upande gani. Akajikuta anaandika nasaba za watawala wa Karagwe waliokaa Bweranyange, ugomvi wa urithi, mifugo iliyokufa na watu waliohama.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba alipenda tu mambo ya kale. Naamini sababu ni nzito zaidi: mdudu mwenyewe ndiye aliyemlazimisha.

Ndorobo si nzige. Nzige hutaga mayai kwa makumi ardhini, na kundi lake huvuka nchi nzima kwa siku chache. Ndorobo jike hatagi kabisa. Hubeba buu mmoja tumboni, humlisha humo ndani mpaka akue, kisha humzaa juu ya udongo laini wenye kivuli, mmoja tu kila baada ya siku 9 au 10. Buu hujichimbia, hugeuka pupa, hukaa huko kiasi cha mwezi, ndipo nzi mpya atoke. Mama anayeishi miezi michache hupata watoto wa kuhesabika. Mdudu wa namna hii hawezi kuivamia nchi kwa ghafla. Anahitaji kivuli ambacho hakuna aliyekifyeka, udongo ambao hakuna aliyeulima, na damu iliyo karibu: ngiri, nguruwe pori, nyati, pongo. Ukifyeka vichaka anakufa kwa jua na njaa. Ukiviacha virudi, atavifuata polepole, msimu baada ya msimu.

Ndiyo maana pori lenye ndorobo lina umri. Mara nyingi kabla ya kuwa pori lilikuwa malisho, au kibanja cha mtu, au njia ya kupeleka mifugo mtoni, na kuna miaka fulani ambamo lilibadilika. Ford alikuwa na ramani ya nzi, lakini hakuweza kuisoma bila kujua nani aliishi pale awali, aliondoka lini, na nini kilimwondoa. Hadubini haikuwa na majibu hayo. Majibu yalikuwa kwa wazee wa Kinyambo, wenyeji wa Karagwe, katika masimulizi ambayo kwa sikio la haraka yalihusu wafalme tu.

Tuyafuate masimulizi hayo kidogo. Mwishoni mwa mwaka 1861 wasafiri Speke na Grant waliingia Karagwe, wakapokewa na mfalme Rumanyika. Walikuta dola ya wafugaji na wakulima, ng'ombe wengi wenye pembe ndefu, na ikulu iliyouenzi ufugaji kiasi cha kuwa na sanamu za ng'ombe za chuma miongoni mwa vitu vya kifalme. Grant aliugua mguu akabaki nyuma kwa miezi, huku Speke akitangulia Buganda. Mimea ambayo Grant aliikusanya safarini ilichapishwa London katika miaka ya 1870. Stanley alipita mwaka 1876, akafika mpaka chemchemi za maji moto za Mtagata, ambazo leo ziko wilayani Kyerwa. Hakuna aliyewasoma wasafiri hao anayeweza kuiita nchi waliyoieleza kuwa nchi tupu ya nzi. Ndorobo alikuwepo bila shaka, katika mabonde na maeneo ya kati ambayo watu waliyajua na kuyaepuka. Mfugaji alijua mahali pa kupita usiku na mahali pa kutopita kabisa. Alichoma nyasi kwa wakati wake. Mifugo ilikula, ikakanyaga, ikazuia miti midogo isiinuke. Huo ulikuwa mpaka, na uliwekwa na kazi ya kila siku.

Kisha ikaja sotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa huo uliofika barani kupitia Pembe ya Afrika uliwaangamiza ng'ombe wa nchi za maziwa, karibu wote katika maeneo mengi. Uliua pia nyati na wanyama wengine wa porini wenye kwato, hivyo kwa muda hata ndorobo walikosa chakula wakapungua. Hapo ndipo hesabu inapokuwa chungu. Ndui iliwaua watu, funza waliingia kwenye nyayo za watu ambao hawakuwa wamewazoea, watawala walikufa wakaacha warithi wadogo na wagombea wengi, wageni wenye bunduki wakaingilia kati. Watu walipungua, ng'ombe hawakuwepo, moto haukuwashwa kwa wakati wake. Wanyamapori walirudi kwa kasi kuliko mifugo. Vichaka vikafunga. Ndorobo, ambaye hana haraka, akatoka alikokuwa amejificha na kuanza safari. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyofuata alikuwa amevuka Mto Kagera na kuingia Ankole, upande wa Uganda.

Ford aliendelea kuutafakari mlolongo huu kwa zaidi ya miaka 20 baada ya makala ya Karagwe. Mwaka 1971 Oxford walichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu nafasi ya magonjwa ya ndorobo katika ikolojia ya Afrika. Hoja yake ya msingi, nikiiweka kwa maneno yangu, ni kwamba Waafrika walikuwa wameshajifunza kuishi na ndorobo kabla ya ukoloni, kwa kupangilia makazi, mifugo na pori. Kilichoivunja elimu hiyo ni maangamizi ya miaka ya 1890, na wataalamu wa kikoloni walikuja wakapambana na matokeo wakidhani wanapambana na asili. Kwa mtu aliyetumia maisha yake ndani ya huduma hiyohiyo ya kikoloni, lilikuwa neno zito kulisema. Helge Kjekshus aliichukua hoja hiyo akaipanua mwaka 1977, na wanahistoria wengine wamebishana nayo tangu wakati huo, wakisema kwamba Ford na Kjekshus waliipamba mno hali ya kabla ya ukoloni. Ubishi huo ni halali. Hata hivyo unawezekana tu kwa sababu kuna aliyeandika.

Ofisa aliyefika Karagwe miaka ya 1920 aliona pori, wanyama na nzi. Hakuona sotoka, kwa sababu sotoka ilikuwa imepita. Hakuona vibanja, kwa sababu migomba isiyotunzwa haidumu. Kwa macho yake, nchi ilikuwa vile tangu kuumbwa. Naona hapa jambo ambalo ni pana kuliko ndorobo: usahaulifu hauachi nafasi tupu. Mahali ambapo tukio limesahauliwa, matokeo yake huonekana kuwa maumbile. Janga la miaka michache linageuka kuwa tabia ya ardhi. Watu waliofukuzwa na maradhi wanageuka kuwa watu ambao hawakuwahi kuwepo. Na anayeamini kwamba nchi ni ya nzi tangu zamani atafanya maamuzi tofauti na anayejua kwamba bibi wa mtu fulani alikamua ng'ombe palepale.

Kwa sababu hiyo siwezi kuichukulia historia ya sayansi ya wadudu kuwa mapambo yanayowekwa pembeni mwa sayansi yenyewe. Katika elimu ya wadudu kuna kitu kidogo sana kinachothibitisha hili. Mdudu akikaushwa na kuchomwa pini katika sanduku la makumbusho, chini yake huwekwa kikaratasi: mahali, tarehe, jina la mkusanyaji. Bila kikaratasi hicho mdudu ana uzuri, lakini kwa mtafiti thamani yake karibu yote imekwisha. Mwaka 1891 Emin Pasha na Franz Stuhlmann walipita Karagwe wakielekea magharibi, wakikusanya mimea na wanyama njiani. Stuhlmann ndiye aliyekuja baadaye kuwa kiongozi wa kwanza wa taasisi ya Amani, Usambara, iliyoanzishwa mwaka 1902. Wadudu wa Afrika Mashariki waliopelekwa Berlin na wasafiri wa aina hiyo walimwezesha Hermann Kolbe kuchapisha kitabu kizima cha mbawakawa mwaka 1897. Vikaratasi vyao vimehifadhi mahali na tarehe. Lakini fikiria tarehe yenyewe: 1891, sotoka ikiwa inapita au imetoka kupita. Hilo kikaratasi hakina nafasi ya kulisema. Alichofanya Ford ni kuiandikia nchi nzima kikaratasi kirefu zaidi.

Na hata kikaratasi kirefu kina majina yanayokosekana.

Makao makuu ya utafiti wa ndorobo Tanganyika yalikuwa Shinyanga, chini ya C. F. M. Swynnerton, mtu mwenye nguvu za ajabu aliyeandika kitabu kikubwa cha ndorobo wa Afrika Mashariki mwaka 1936 na kufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Katika idara hiyo, mtafiti C. H. N. Jackson alikuwa akiwakamata ndorobo, akiwatia alama ndogo za rangi, akiwaachia, kisha akihesabu wangapi wenye alama wanakamatwa tena. Kutokana na uwiano huo alikadiria idadi ya nzi wote porini, na pia vifo, uzazi na kuhama kwao. Makala zake za miaka ya 1930 zimo katika misingi ya hesabu ambayo leo hutumika duniani kote kukadiria idadi ya samaki, ndege na vipepeo. Mwanafunzi wa ikolojia anayejifunza hesabu hiyo darasani hana habari kwamba sehemu yake ilizaliwa katika vichaka vya Tanganyika.

Lakini nani aliwakamata wale nzi? Walikuwa vijana na wanaume wa nchi hii, wenye vyavu vya mkono, waliotembea njia ileile kila siku, wakisimama kwenye vituo vilivyopimwa, wakiwanasa nzi waliokuja kuwauma wao wenyewe au ng'ombe waliyemwongoza. Ndorobo hufuata kitu kinachotembea. Miili ya wakamataji ndiyo iliyokuwa chambo, katika nchi yenye malale. Walijua nzi anatua wapi saa ngapi, walijua kutofautisha jike na dume, mwenye njaa na aliyeshiba, kwa kumtazama tu. Maarifa hayo yalipita mikononi mwao kabla ya kuwa tarakimu, na tarakimu zikapita kwa mtafiti kabla ya kuwa makala. Kwenye vichwa vya makala majina yao hayamo. Sioni kama tunaweza kusema tumeihifadhi historia ya sayansi hii ikiwa tumeyahifadhi majina ya waliohesabu na kuyaacha ya walioumwa.

Kuhifadhi kuna ugumu mwingine ambao sitaki kuukwepa. Maandishi yanayotuambia Karagwe ilikuwa na ng'ombe wengi ni yaleyale yanayobeba upotovu. Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, aliandika nadharia kwamba watawala wafugaji wa eneo hili walikuwa kizazi cha wageni kutoka upande wa Ethiopia, bora kuliko wakulima waliowatawala. Hakuwa na ushahidi. Mawazo hayo yalikuzwa na wengine, yakaingia katika siasa za ukoloni za Rwanda, yakachangia sumu iliyolipuka katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Mwaka huohuo mamia kwa maelfu ya wakimbizi walivuka Kagera kuingia Ngara na Karagwe, na miti ikakatwa kwa kuni na makazi kuzunguka kambi. Umri wa pori ukaanza kuhesabiwa upya katika vilima vile. Je, kitabu kama hicho cha Speke kihifadhiwe? Jibu langu ni ndiyo, chote, pamoja na kosa lake. Ukikata ukurasa wenye upotovu na kuubakiza wenye ng'ombe, msomaji wa kesho hatajua kwa nini awe mwangalifu na macho yaliyowaona ng'ombe hao.

Kumbukumbu hizi zimetawanyika, na hilo linaniuma. Utafiti wa kilimo wa Amani ulihamia Muguga, Kenya, na ni kutoka Muguga ambako J. C. M. Gardner alitoa orodha yake ya wadudu wa misitu ya Afrika Mashariki mwaka 1957. Utafiti wa ndorobo wa ukanda mzima ulihamia Tororo, Uganda. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kilichokuwa ndani ya mipaka yake. Tanzania ilijenga upya: Taasisi ya Utafiti wa Misitu mwaka 1980, kituo cha utafiti wa ndorobo Tanga. Kazi kubwa zilifanyika. Unguja, kwa kuachia madume waliofugwa Tanga na kufanywa tasa kwa mionzi, ndorobo walitokomezwa kabisa. Ushindi ulitangazwa mwaka 1997. Lakini mtu wa Kayanga, Karagwe, anayetaka kujua wadudu wa wilaya yake wameandikwa nini katika miaka 130 iliyopita atatakiwa aende Berlin, London, Nairobi, Tororo, Tanga na Morogoro. Hataenda.

Kuna atakayeuliza faida iko wapi. Vitambaa vya bluu na vyeusi vyenye dawa vipo, ng'ombe wanaogeshwa, nzi wamepungua sana. Kwa nini tumkumbuke adui anayeondoka? Naliheshimu swali hili, hasa likitoka kwa mfugaji. Jibu langu linaanzia mtoni. Unguja ni kisiwa. Mkoa wa Kagera una mto tu, na ng'ambo ya mto iko hifadhi ya Akagera ya Rwanda, iliyoanzishwa mwaka 1934, ambako ndorobo bado wanawauma watalii. Mto haukumzuia nzi karne iliyopita. Upande wetu, mwaka 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Nafurahi kuona wanyama wakilindwa. Lakini pori likilindwa, kivuli kinaongezeka, na wanyama wanaolisha ndorobo wanaongezeka. Mhifadhi anayejua kwamba jambo hili limewahi kutokea katika vilima hivihivi, na kwa hatua zipi, ataangalia mapema mipaka ya malisho. Hifadhi haipungukiwi kitu kwa kusimuliwa kwamba ilikuwa na wenyewe. Inapata umri, na kwa umri huo inaeleweka.

Linganisha na senene, panzi anayeliwa. Hakuna taasisi inayohitajika ili watu wa Kagera wamkumbuke senene. Kila Novemba mvua zikishika anarudi, na pamoja naye yanarudi maarifa yote: alfajiri gani anakamatwa, anachambuliwaje, nani anamkaangia nani. Padri P. O. Mors aliandika juu ya ulaji wake Buhaya mwaka 1958, lakini hata asingeandika, wanawake wa Bukoba wangeendelea kufundisha binti zao. Kinacholiwa kinajihifadhi. Ndorobo haliwi, na mtu aliyeondokewa na maumivu hana hamu ya kuyasimulia. Maarifa juu ya kinachotuumiza ndiyo yanayopotea kwanza, na ndiyo yanayohitaji watu walioamua kwa makusudi kuyaweka.

Sotoka yenyewe imetoweka. Ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa na juhudi za binadamu. Ni habari njema kuliko nyingi nilizowahi kuzisoma. Maana yake pia ni kwamba chanzo cha pori la Karagwe hakitaonekana tena na jicho la mtu yeyote. Daktari wa mifugo aliyeanza kazi mwaka huu Kyerwa hatamwona ng'ombe wa sotoka maisha yake yote. Atakachokuwa nacho ni maandishi na masimulizi.

Masimulizi yana saa yake. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 makala ya Ford na Hall ilipotoka sasa anakaribia 90. Wapo Kaisho, Nkwenda, Bweranyange, wazee waliofyeka vichaka kwa amri, waliotundika mitego, waliohamisha ng'ombe usiku ili wasiumwe. Shule ya sekondari yoyote ya wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, ina wanafunzi wanaoweza kuwafikia kwa miguu. Makala ya 1947 inaweza kutafsiriwa, ikawekwa mikononi mwao, wakaenda nayo kuikosoa. Wachukue daftari na waandike mahali, mwezi na mwaka. Ng'ombe walinywea wapi kabla pori halijafunga? Nani alichoma nyasi, na katika mwezi upi? Familia zipi zilihama kwanza, na nzi walikuja kabla yao kuondoka au baada? Ni nani aliyekufundisha kumtambua? Na wewe mwenyewe, mzee, jina lako tuliandike vipi?